Watoro ambao hawakutoroka: kisa cha kanzidata ya tiba ya utapiamlo katika wilaya ya wafugaji, Arusha

Kisa hiki kinahusu mpango wa kutibu watoto wenye utapiamlo mkali katika wilaya moja ya wafugaji mkoani Arusha, na kanzidata ya mtandaoni iliyowekwa ili kuufuatilia. Majina ya watu, vijiji, vituo na mfadhili yameondolewa. Vituo vitatu vinavyotajwa vinaitwa hapa Zahanati A, B na C, na baadhi ya mambo ya mahali yamebadilishwa ili pasitambulike. Nilishiriki upande wa takwimu. Ninawaandikia maafisa lishe, waganga wafawidhi na wenzangu wa takwimu, wale ambao kila mwezi huketi mbele ya dashibodi yenye rangi na kutakiwa waseme nani amefanya vizuri na nani aandikiwe barua.

Mazingira ya mpango

Utaratibu wa tiba ulikuwa ule unaojulikana kwingi. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 anapimwa mkono kwa utepe. Kipimo kikisoma chini ya sentimita 11.5, yaani kwenye nyekundu, au akiwa na uvimbe unaobonyea kwenye miguu yote miwili, au uzito wake kwa urefu ukiwa chini ya alama ya -3 ya viwango vya ukuaji vya WHO, anaandikishwa. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mzito anatibiwa nyumbani kwa chakula dawa, yaani chakula cha tiba kilicho tayari kuliwa kutoka kwenye pakiti, na kila wiki mama anamrudisha zahanati apimwe na kupewa pakiti za wiki inayofuata. Aliyezidiwa anapelekwa wodini, anakoanzishiwa maziwa maalumu ya tiba yaitwayo F-75. Mtoto anaruhusiwa kipimo cha mkono kikifika 12.5 au zaidi mara mbili mfululizo. Tiba hii ya nyumbani ilianza kujaribiwa Ethiopia karibu na mwaka 2000, na mwaka 2007 WHO, UNICEF na WFP wakaikubali rasmi kwa tamko la pamoja. Kabla ya hapo watoto walilazwa, na mama mwenye watoto wengine bomani hakuwa na namna ya kukaa wodini wiki kwa wiki.

Wilaya yenyewe ni nyanda kavu. Vuli ikikosa na masika yakichelewa, ng'ombe huhamishwa kufuata maji na malisho, na katika miaka mibaya kama ule ukame wa 2021 na 2022, wanaohama si vijana na mifugo tu. Kaya nzima huondoka, na watoto wachanga migongoni. Hapo mtoto ana njia mbili, na zote zina hasara. Akibaki, maziwa yameondoka na ng'ombe. Akienda, zahanati imebaki nyuma.

Jambo jingine la kujua ni kwamba wenye ukondefu (wembamba kupita kiasi kwa urefu wao) ni wachache kuliko wadumavu (wafupi kuliko umri wao). Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa takribani asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano, na ukondefu kwa takribani asilimia 3. Zahanati moja ya vijijini kwa hiyo hubaki na watoto wachache kwenye tiba kwa wakati mmoja, na wawili wakikosekana tu, asilimia inaruka. Anayesoma dashibodi bila kukumbuka hilo ataona moto mahali penye moshi wa jikoni.

Mfumo ulivyopangwa

Hapo awali kila kitu kilikuwa karatasi: rejesta, kadi ya mtoto, na fomu ya muhtasari wa mwezi iliyofika makao makuu ya wilaya kwa bodaboda au kwa gari la chanjo. Idadi ziliingizwa kwenye DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo ndiyo inayobeba takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini. Kwa jinsi ilivyotumika hapa, ilipokea jumla tu: wangapi wameingia, wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi ni watoro, yaani walioacha kuhudhuria. Mwezi ukishafungwa, hakuna aliyeweza kuuliza ni watoto gani.

Mradi ukaongeza rejesta ya mtoto mmoja mmoja. Kila kituo kilipewa kishikwambi. Muuguzi anajaza hata bila mtandao, na taarifa zinapanda zenyewe kifaa kikipata mawimbi, kwa kawaida muuguzi anapopita kilimani au anapokuja mjini kuchukua dawa. Makao makuu wakawa na dashibodi ya kijani, njano na nyekundu, iliyopangwa kwa viwango vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu: waliopona wazidi asilimia 75, waliofariki wawe chini ya asilimia 10, watoro chini ya asilimia 15. Asilimia hizo hutolewa kwa wale waliotoka kwenye mpango, si kwa walioingia, na aliyehamishiwa kituo kingine hahesabiwi kwenye mgao. Mtoro ni mtoto aliyekosa kuhudhuria wiki mbili mfululizo.

Faida ilionekana mapema. Mfumo ulipiga hesabu ambayo karatasi ziliweza kuikwepa: waliokuwepo mwanzo wa mwezi, ongeza walioingia, toa waliotoka, lazima upate waliopo mwisho wa mwezi. Ripoti kadhaa za nyuma hazikufunga hesabu hiyo, na zilikuwa zimepita miaka bila mtu kuzishtukia.

Kulikuwa na kanuni mbili ambazo baadaye ndizo zilizoleta shida kubwa. Ya kwanza, fomu ya kuandikisha ilikataa katakata mtoto ambaye hakuwa na kigezo kimojawapo cha utapiamlo mkali. Ya pili, mtoto aliyetoka kituo kingine aliweza kupokelewa kama mhamiaji pale tu muuguzi alipoandika namba yake ya kule alikotoka. Mezani mjini Arusha kanuni hizo zilionekana safi, na kila mtu aliyezipitia alizikubali.

Mambo yalivyotokea

Kiangazi kilipokolea, Zahanati A ikawa nyekundu. Watoro walivuka asilimia 15, mwezi uliofuata wakakaribia mara mbili ya hapo. Zahanati B kwa muda huohuo ilikuwa kijani tupu, haina mtoro wala kifo. Juu ya hayo kikatokea kitu cha tatu: Zahanati C, iliyoko karibu na bwawa lisilokauka mapema, ilianza kuandikisha watoto wenye uvimbe wa miguu kwa idadi ambayo wilaya haikuwa imeizoea. Unyafuzi, yaani utapiamlo wa kuvimba, si kawaida kwa watoto wa kifugaji wanaokunywa maziwa. Mtu mmoja kwenye timu ya afya ya wilaya aliuliza kama kuna mlipuko wa kitu fulani huko.

Kikao cha mwezi kilikuwa na mapendekezo tayari. Mganga mfawidhi wa A aandikiwe barua ya kujieleza, B apewe pongezi, na C ipelekewe timu ya dharura. Shinikizo lilikuwepo, na halikuwa la bure: halmashauri hupimwa kila robo mwaka kwa kadi alama ya lishe chini ya mkataba wa lishe, na hakuna mkurugenzi anayependa kusimama mbele ya mkoa akiwa na nyekundu.

Afisa lishe wa wilaya aliomba barua isubiri, na sababu aliyotoa ndiyo iliyokifungua kisa kizima. Aliomba aoneshwe vipimo vya mkono vya wale watoto wapya wa C, mmoja mmoja, siku walipoandikishwa. Vilikuwa 11.9, 12.1, 12.2, hata 12.4. Mtoto mwenye uvimbe anaweza kuwa na mkono wa kipimo hicho, lakini hawa wengi wao walikuwa hawapungui uzito wiki ya kwanza kama inavyotokea maji ya uvimbe yanapokauka. Walikuwa wanaongezeka tu, taratibu, kama watoto waliokwisha kuwa katikati ya tiba.

Alipiga simu C. Muuguzi alieleza bila kuficha chochote. Mama anafika na mtoto mgongoni na maganda ya pakiti tupu mkononi. Muuguzi anamuuliza, "Yeyo, huyu mbona ameshaanza kupona nawe unasema ndiyo mara ya kwanza?" Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anatafsiri kwa Kimaasai, na jibu linarudi: "Nilianzia kwenu kule, daktari. Huku ndiko kuliko na maji." Kwa mama zahanati zote ni za serikali ileile na tiba ni ileile. Kadi ameiacha bomani au imeloa. Namba haijui. Kishikwambi kinamkataa mtoto kama mhamiaji kwa kukosa namba, kinamkataa kama mpya kwa sababu 12.1 ni njano kwenye utepe, si nyekundu. Muuguzi ana mtoto anayehitaji pakiti leo, na mama aliyetembea tangu alfajiri. Kisanduku pekee kilichoruhusu fomu ipite ni kile cha uvimbe. Akakigusa.

Kwa hiyo mtoto huyohuyo alikuwa mtoro kwenye A na mgonjwa wa unyafuzi kwenye C, na vyote viwili havikuwa kweli.

Timu ilijaribu kuwaoanisha watoto wa vituo viwili kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na kijiji. Ilifanikiwa kidogo sana. Tarehe nyingi zilikuwa za kukadiria, na wengi walikuwa wameandikwa tarehe 1 Januari. Katika jamii hii mtoto huweza kuitwa jina la awali mpaka afanyiwe sherehe ya kupewa jina, na ndani ya boma moja wake wa mume mmoja huwa na watoto wanaoandikwa jina lilelile la baba. Nako C mama hakutaja kijiji alikotoka, alitaja mahali walipopiga kambi.

Ndipo ikachapwa orodha ya watoro wa A, jina kwa jina, na wahudumu wa jamii wakagawana maboma. Hili halikuwezekana zama za jumla za mwezi. Walichokuta kilikuwa mchanganyiko. Wengi walikuwa wamehama na mifugo, na sehemu kubwa ya hao walikuwa wanaendelea na tiba C. Wengine waliacha baada ya kufika zahanati na kuambiwa chakula dawa kimekwisha. Mama anayetembea saa tatu kwenda na saa tatu kurudi akirudishwa mikono mitupu, juma linalofuata hatoki. Wachache walikuwa wamekatazwa na waume. Na baadhi ya watoto kwenye orodha ya watoro walikuwa wamefariki nyumbani, mmojawapo wiki ileile aliyoanza kukosa. Mhudumu aliyekwenda kwenye boma hilo alikuwa amebeba fomu yenye swali la kwa nini mama ameacha kuhudhuria.

Zahanati B ilikaguliwa mwisho, kwa kuwa hakuna anayekimbilia kukagua kijani. Kilicholeta wasiwasi kilikuwa bohari. Mtoto wa kilo 7 anahitaji takribani kilokalori 200 kwa kila kilo kwa siku, yaani 1,400. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500, kwa hiyo anakula karibu pakiti tatu kwa siku, karibu 20 kwa wiki. Katoni ina pakiti 150. Ukijua mahudhurio ya mwezi unajua katoni ngapi zilipaswa kutoka, na B ilikuwa imetoa pungufu sana kuliko mahudhurio yaliyoandikwa. Vipimo vya mkono navyo viliishia karibu vyote kwenye 0 au 5, na rekodi nyingi ziliingizwa usiku wa siku za mwisho wa mwezi. Muuguzi wa kituo alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na aliyebaki peke yake alikuwa anatoa chanjo, anaona wagonjwa wa nje na kupokea wajawazito. Mfumo haukumruhusu kufunga mwezi ukiwa na wiki zilizo wazi, naye alizijaza. Hakuna pakiti iliyoibwa. Kulikuwa na watoto wasioonwa na mtu kwa wiki kadhaa, huku skrini ikisema wanaendelea vizuri.

Maamuzi na sababu zake

Barua ya A haikuandikwa. Watoro wake wengi walijulikana kwa sababu muuguzi wake aliandika kutokuja kwao siku ileile walipokosa, na kumwadhibu kungewafundisha wengine wote kuandika kama B.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuondoa makatazo kwenye fomu. Mahali pa kumkatalia mtumiaji pakawekwa onyo na nafasi ya kuandika sababu, na kukaongezwa chaguo jipya: anaendelea na tiba, ametoka kusikojulikana. Wataalamu wa programu hawakulipenda, kwa hoja kwamba data itachafuka. Jibu la afisa lishe lilikuwa kwamba imeshachafuka, tofauti ni kama tunauona uchafu au hatuuoni. Nakubaliana naye moja kwa moja. Rekodi yenye pengo inaweza kufuatiliwa, rekodi yenye uongo uliokamilika haimshtui mtu.

Suala la kumtambua mtoto lilichukua mjadala mrefu kuliko yote. Alama za vidole zilipendekezwa, zikakataliwa: za mtoto mchanga ni vigumu kusomeka, vifaa ni ghali, na wafugaji wana sababu zao za kuwa na hofu mtu wa ofisi anapokuja kuwaandikisha. Bangili ya plastiki nayo ilikataliwa na akina mama wenyewe, waliosema mtoto anavaa shanga za kwao na hilo linamtangaza kuwa mgonjwa. Wazo lililopita lilitoka kwa mhudumu mmoja wa jamii. Kila mama alikuwa anapewa utepe wa kupimia mkono ili ampime mtoto mwenyewe nyumbani, na utepe huo akina mama walikuwa hawauachi. Namba ya tiba ikaanza kuandikwa nyuma ya utepe kwa wino usiofutika, pamoja na kwenye kadi ya kliniki.

Kuhusu watoro, hali ya "mtoro" ilibaki baada ya wiki mbili, lakini ikawa haifungwi mpaka ziara ya nyumbani iandike jibu: amehama na anaendelea kwingine, amehama na haijulikani, ameacha, amefariki, au hakupatikana. Ripoti ikaanza kutoa asilimia mbili, kabla ya kufuatilia na baada. Tofauti yake si ndogo. Chukua mfano wa kufundishia: watoto 40 wametoka, 28 wamepona, 9 watoro, 2 wamefariki, 1 hakuitikia tiba. Waliopona ni asilimia 70, watoro 22.5, vifo 5. Mpango unaonekana kushindwa kuwashika akina mama, lakini haupotezi watoto. Wale 9 wakifuatwa, tuseme 5 wanaendelea kituo kingine, 2 wamefariki, 2 wameacha kweli. Watano wanaondoka kwenye mgao, wanabaki 35. Waliopona sasa ni asilimia 80, watoro 5.7, na vifo 11.4. Mpango uleule, watoto walewale, na tatizo ni jingine kabisa: swali si tena kwa nini akina mama hawarudi, ni kwa nini wanaotibiwa wanakufa.

Hesabu ya chakula dawa ilihamishwa kutoka kwenye leja ya stoo na kuingizwa kwenye dashibodi ileile, ikikaa kando ya mahudhurio.

Mwisho, nani aone majina. Baadhi ya viongozi wa vijiji waliomba orodha za watoto ili wazihimize kaya, na nia ilikuwa njema, lakini walikataliwa. Mtoto mwenye utapiamlo huleta aibu na lawama kwa mama, na orodha ikishasomwa mkutanoni hairudi. Afisa TEHAMA wa halmashauri naye alikumbusha kwamba seva ilikuwa nje ya nchi, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje. Majina yakaondolewa kwenye nakala ya mtandaoni, ikabaki namba. Jina linakaa kwenye rejesta ya kituo na kwenye simu ya mhudumu wa boma husika tu.

Matokeo

Wale "wagonjwa wa unyafuzi" wa C walipungua ghafla mara tu chaguo jipya lilipowekwa, na timu ya dharura haikuhitajika. Kilichohitajika C kilikuwa katoni zaidi na mikono zaidi, kwa hiyo huduma ya mkoba ya A, ile inayowafuata watu nje ya kituo, ilihamishiwa karibu na bwawa kwa miezi ya kiangazi. Watoro wa A baada ya ufuatiliaji walishuka chini ya kiwango, isipokuwa mwezi mmoja mkavu kuliko yote.

Vifo vilivyoandikwa viliongezeka. Ilikuwa vigumu kuwaeleza wafadhili kwa nini mfumo ulioboreshwa umeleta vifo, na kikao kimoja kilikuwa kizito kwa kweli. Lakini ongezeko hilo ndilo lililofanya hospitali ya wilaya iangalie upya rufaa zake: watoto kadhaa waliofia nyumbani walikuwa wamekataa kula pakiti siku ya kwanza, dalili ya kupelekwa wodini, na rufaa haikuwa na gari. Mafuta ya rufaa yakapewa fungu lake.

B ilipoteza kijani chake na ikapata muuguzi wa muda. Siku ya kliniki ya kituo kingine ilihamishiwa siku ya mnada, akina mama wanaouza maziwa wanapokuja na usafiri uliopo, na mahudhurio yakapanda bila gharama.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya yote ni rekodi ya mtoto mmoja mmoja. Asilimia ya watoro ilileta hasira, orodha ya watoro ikaleta ziara. Ningemshauri yeyote mwenye fedha kidogo anunue ziara za nyumbani kabla ya kununua vishikwambi, na akiwa na vyote, ahakikishe programu inatoa majina kwa mhudumu Jumatatu asubuhi, si grafu kwa mkurugenzi mwisho wa mwezi.

La pili ni kuweka vyanzo viwili visivyotegemeana kwenye ukurasa mmoja. Mahudhurio huandikwa na muuguzi, pakiti hupungua stoo zenyewe. Vikitofautiana, kuna kitu cha kuuliza. Kujirudia kwa tarakimu za mwisho za vipimo na saa ya kuingiza rekodi navyo vilisaidia, ila sipendi kuona vikitumika kama mtego. Pale B vilituonyesha mtu aliyeelemewa, na hatua iliyofaa ilikuwa kumpa msaidizi.

Kanuni ngumu za fomu zilishindwa kwa sababu ziliandikwa na watu waliodhani mtoto ana kituo kimoja. Wilaya ya wafugaji si mahali pa dhana hiyo. Ninaamini kama muuguzi wa C angekuwa mezani siku fomu inapangwa, dakika kumi zake zingeokoa miezi. Mwongozo wa WHO wa 2023 unaruhusu wahudumu wa jamii waliofunzwa na kusimamiwa kutibu ukondefu, na kwa kaya zinazohama, mhudumu anayehama nazo angekuwa jibu zuri kuliko uhamisho wowote wa kwenye skrini. Hilo halijajaribiwa hapa.

Kuna yaliyokwama na bado yamekwama. Wauguzi wanaandika mara mbili, kwenye rejesta ya karatasi na kwenye kishikwambi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kufuta rejesta ya MTUHA kwa ajili ya mradi wenye mwisho. Sola ya kituo ikizidiwa, friji ya chanjo ndiyo inayopewa umeme, na ndivyo inavyopaswa. Majibu ya ziara za nyumbani huja baada ya mwezi kufungwa kwenye DHIS2, na kufungua kipindi kunahitaji ruhusa, kwa hiyo takwimu ya kitaifa ya wilaya hii bado inabeba watoro ambao wilaya yenyewe inajua walipo.

Na kuna watoto wanaovuka mpaka wa nchi. Kenya nayo imetumia DHIS2 tangu 2011, kwa hiyo programu ni ileile pande zote mbili. Kinachokosekana ni makubaliano ya nani apokee namba ya mtoto wa mwenzake na kwa ulinzi gani. Kwa sasa muuguzi wa C humpigia mwenzake wa ng'ambo kwa simu yake na vocha yake, na afisa lishe ameomba gharama hiyo iingizwe kwenye mpango wa halmashauri wa mwaka ujao.